Wivu wa Kinanda

Kila asubuhi, baada ya kufagia kibanda cha mama yake cha ushonaji, Kinanda aliwahi shuleni. Wenzake walimpa jina hilo kwa sauti yake nzuri. Kila siku ya wazazi, aliyeghani shairi alikuwa yeye.

Mwaka ule alikuja kuishi kwao binti wa mama yake mdogo, kutoka mkoa wa mbali. Mgeni huyo alitamka "r" kama "l". Lakini alipoghani darasani, hata watundu wa viti vya nyuma walinyamaza. Mwalimu akasema, "Siku ya wazazi utaghani wewe."

Kinanda aliona wivu. Wakati wa mapumziko alipanda juu ya benchi akaigiza, "Kalibuni wazazi, leo ni fulaha tupu." Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Tangu hapo, mgeni akiulizwa swali alitikisa kichwa tu. Siku ya tatu alimwandikia mwalimu kwamba hataghani. Nafasi ikarudi kwa Kinanda.

Kinanda alikimbilia kibandani kumpa mama habari. Alipofika mlangoni alisita. Mgeni alikuwa analia, na mama alikuwa akimbembeleza, "Hata mimi walinicheka. Nikajilazimisha kubadili ulimi, mpaka nikaona haya kuongea na mama yangu balabalani."

Matamshi yaleyale! Kwanza Kinanda aliona wivu zaidi, kwa kuwa mama hakuwahi kuzungumza naye hivyo. Kisha akaona aibu.

"Mama, ni mimi niliyeanza kumcheka," alisema.

Mama alisimamisha cherehani. "Uliyemcheka ni mimi, mwanangu. Kwa ulimi huohuo nilikubembeleza ulipokuwa mchanga."

Asubuhi Kinanda alisimama mbele ya darasa. "Nilimwonea wivu," alisema. "Anaghani vizuri kuliko mimi. Dada, nisamehe. Mwalimu, naomba umrudishie nafasi yake."

Kesho yake mgeni alimwambia mwalimu, kwa sauti ya chini, "Nitajalibu." Hakuna aliyecheka.

Siku ya wazazi alighani kwa ulimi wa kwao. Mama alipiga makofi akiwa amesimama, machozi yakimlengalenga. Walipokuwa wakirudi nyumbani, alimshika Kinanda mkono.

"Ukicheka mtu anavyotamka, umewacheka na waliomfundisha kusema," alisema. "Na ule wivu, mwanangu, ulimnyamazisha mwenzako tu. Wewe haukukuongezea kitu."