Kilo Ishirini za Tefiro

Ijumaa ni siku ya soko Bwera, na Ijumaa hiyo hata mbwa walikosa pa kupita. Wakongo walikuwa wamevuka mpaka na vitenge vyao, wakulima wameteremka milimani na kahawa, na katikati ya msongamano huo akatokea Ronah akisukuma baiskeli. Alivaa sketi ya rangi ya chungwa juu ya suruali ya kubana, na kofia ngumu kichwani. Alikuwa mnene. Mnene hasa, na mzuri hasa, ingawa watu wengi wakishasema la kwanza huchoka kusema la pili.

Alisimama mbele ya stoo ya kahawa, akamtazama mpimaji, kijana mwembamba aitwaye Tefiro, kalamu nyuma ya sikio.

"Mizani yako inaweza pima mutu?"

"Inapimaka gunia, nyabo. Mutu bado," akajibu Tefiro kwa heshima.

"Basi leo itapima."

Akamweleza. Alikuwa mwalimu Kasese. Yeye na wenzake kumi walikuwa wanajiandaa kwenda Kabale kwa baiskeli, siku sita, wakilala kwenye mahema. Fundi wa Kampala aliyekuwa awatengenezee magurudumu alitaka uzito wa kila mmoja, na mizani ya kliniki kwao iliishia mia moja. Ronah alipoipanda, mshale uligonga mwisho ukabaki hapo, na nesi akacheka.

Wapagazi wakafunga magunia mawili kwenye ndoano ya mizani kama bembea. Ronah akaketi, wakamvuta juu. Uso wa mizani ile humtazama mpimaji peke yake. Ronah alifumba macho, akashika kamba kwa mikono miwili, midomo ikimtetemeka.

Mshale ulisimama kwenye mia moja na thelathini.

Sasa, mpimaji wa kahawa ana mazoea yake. Kabla ya kutamka uzito hutoa kilo ya gunia, kilo ya unyevu, na nyingine ajuazo Mungu tu. Tefiro alikuwa amekata kilo za watu kwa miaka saba bila kufikiri. Aliitazama ile midomo, na ulimi ukafanya ulichozoea.

"Mia moja na kumi," akasema.

Ronah akafumbua macho akacheka kwa furaha, na Tefiro akajua kwamba amependa, na kwamba ameharibu.

Walipeana namba, na simu zikaanza jioni ile ile. Ronah alimsimulia kila kitu: Swabrah, fundi cherehani, alivyomshonea suruali ya baiskeli kwa sababu hakuna duka Kasese lenye saizi yake, yeye mwenyewe alivyopaka mafuta ya mgando mapajani yasichubuke, alivyojaribu hema kwenye uwanja wa shule.

"Sheri wangu, hema iko ya watu wawili, lakini mimi peke yangu nimeijaza."

"Sasa mimi nitalala wapi?"

"Inje. Utafukuza fisi."

Jumapili Tefiro alikodi baiskeli wakafanya mazoezi pamoja, yeye nyuma, Ronah mbele akihema na kutukana vilima. Kila Jumapili Tefiro aliondoka Bwera amedhamiria kusema. Kila Jumapili Ronah alimgeukia akasema, "Mia moja na kumi, Tefiro. Mutu wa mia moja na kumi anashindwa nini?" Tefiro alijihisi kama mtu aliyetumbukiza ufunguo chooni. Gurudumu likaja kutoka Kampala, jepesi, linang'aa, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akamsaidia kulifunga.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, Ronah alitoka Kasese kuja Bwera na mizigo yote: hema, sufuria, blanketi, maji. Karibu na Kikorongo spoki moja ya nyuma ikakatika. Kisha mbili. Kisha gurudumu likapinda, na Ronah akaenda chini kwenye kokoto, madereva wa malori wakipunguza mwendo ili waone vizuri.

Fundi wa Kampala alishangaa. Gurudumu lile, alisema, lingembeba mtu wa kilo mia moja na kumi na mizigo yake hadi Kabale na kurudi. Gorret, kiongozi wa msafara, akamshauri Ronah kwa upole kwamba huenda ingefaa apande gari la chakula litakalowafuata nyuma. Ronah aliamini kwamba amenenepa bila kujua. Kwa siku tatu alikunywa chai tu, na siku ya tatu akaanguka darasani mbele ya watoto.

Ronah alipomweleza hayo kwenye simu, Tefiro aliketi juu ya gunia.

"Ronah, hukunenepa. Ile siku mizani ilisema mia moja na thelathini."

"Ulikata kilo makumi mbili?"

"Niliona unaogopa."

"Baba yangu alileta kahawa toka Bwesumbu miaka makumi tatu. Kila mara walimukata, na hakuna siku walimuonyesha uso wa mizani. Alikufa anajua wamemuibia, hajui ngapi. Na wewe umenipima kama yeye."

Simu ikakatwa. Tefiro alipiga mara kumi na moja. Alipanda gari hadi Kasese, akasimama kwenye lango la shule mpaka kengele ya mwisho, akaambiwa mwalimu ameshapita mlango wa nyuma. Hakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomtesa. Alirudi stoo, akageuza mizani iwatazame wakulima, akaacha kukata kilo. Tajiri wake alimfokea hadi akachoka.

Ijumaa ya pili Ronah akaja, amevaa ile sketi ya rangi ya chungwa, kovu jipya kwenye kiwiko. Hakumsalimu. Aliona mizani ilivyogeuzwa, kisha akawaambia wapagazi wafunge magunia.

Safari hii hakufumba macho.

"Soma."

"Mia moja na ishirini na saba," Tefiro akanong'ona.

"Wenye kuwa nyuma hawasikii."

Akairudia kwa sauti, soko zima likasikia. Ronah, angali anabembea hewani, akatoa simu akampigia fundi wa Kampala. Akamtajia uzito huo, kisha mizigo kilo ishirini na mbili, na akataka gurudumu la spoki nyingi kabla ya msafara. Halafu akampigia Gorret kumwambia kwamba gari la chakula libebe chakula.

Aliposhuka alimwonyesha Tefiro magunia.

"Panda."

"Mimi?"

"Wewe."

Wapagazi wakamvuta juu zaidi kuliko ilivyohitajika, miguu yake ikitapatapa, watu wakicheka. Ronah akasogea mbele ya mizani akaisoma taratibu.

"Makumi tano na nane. Sikukata, sikuongeza." Akamtazama. "Nikitoka Kabale, utaenda Bwesumbu kwa mama yangu, na wazee wako?"

"Ronah, nishushe kwanza."

"Jibu kwanza."

Tefiro alizitazama nyuso za soko zima zilizokuwa zikimtazama. Hakuwa na pa kukanyaga.

"Nitaenda," akasema.

"Wenye kuwa nyuma hawasikii," akasema Ronah.