Nilitamka Mwenyewe "Nimekubali"

"Wallahi nilimwona akifa! Kwa macho yangu haya!"

Ni shemeji yangu Kasim huyo, anaapa mbele ya Shehe, sebuleni kwangu Mengo, mwaka 1976.

Jamani!

Kasim huyuhuyo aliniambia mwaka mzima, "Sijui alipo, shemeji. Vumilia."

Mume wangu Sulaimani, dereva wa lori, watu wa usalama wa serikali walimtia kwenye buti la gari pale Kalerwe, mchana kweupe. Tangu siku hiyo sikuwa mke, sikuwa mjane. Bila shahidi sikai eda, sirithi, siolewi. Na nani athubutu kushuhudia kifo cha namna ile? Si angefuata yeye!

Sasa Kasim kajitolea. Alitaka kunioa, na mke wa mtu haolewi. Lazima kwanza niwe mjane.

Shehe akauliza, "Ulimwona wapi?"

"Kambini, kwa askari."

"Wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa kazini."

Banange! Tamaa ilimfumba macho, kajitaja mwenyewe! Shehe akaweka kalamu chini.

"Umemuua ndugu yako?" nilipiga kelele.

"Nilitii amri, shemeji."

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi nalia, lakini nilikuwa na ngao moja. Nyie mnaosema Uislamu unamgawa mjane kama mbuzi wa urithi, mmedanganywa! Shehe huyohuyo alinifundisha madrasa nikiwa binti: bikira akinyamaza amekubali, ila mjane lazima atamke kwa ulimi wake. Asipotamka, hakuna ndoa.

Eda ilipoisha Kasim akaja asubuhi, na mashahidi, na Shehe, na kaka yangu.

"Maimunah, unamkubali Kasim?"

Nikanyamaza.

"Amenyamaza. Amekubali," Shehe akasema, macho kwenye mkeka.

"Shehe! Hiyo ni ya bikira! Ulinifundisha mwenyewe!"

Jasho likamtoka. "Mwanangu... na mimi nina watoto."

"Basi sikieni nyote. SIKUBALI!"

Nilidhani Kasim atanipiga. Wapi! Alitabasamu, akamwita binti yangu Kaltumi, miaka sita, akampakata.

"Unataka nikupeleke kwa baba?"

"Ndiyo, baba mdogo! Twende sasa hivi!"

Mtoto akakimbia kutafuta viatu, anaruka kwa furaha.

Nikamtazama kaka yangu, walii wangu wa ndoa. Akageukia ukuta. Mashahidi nao vivyo hivyo.

"Nimekubali," nikasema.

Na ndoa ikafungwa.

Utawala ule wa kijeshi ulipoanguka alituvusha mpaka hadi Sudan. Huko sikuwa na ndugu, sikuwa na pa kukimbilia. Nikampikia, nikamfulia, nikazeeka naye. Kaltumi akamwita baba, nami nikaacha amwite. Ningemwambia nini?

Juzi tumemzika.

Dada zangu, jueni haki zenu, hilo nawausia. Lakini mimi yangu niliijua neno kwa neno, na haikunisaidia kitu. Haki inataka watu wa kusimama nawe, na chumba kile kilijaa waoga, nami mmoja wao.

Kaltumi, mwanangu, najua unasoma hapa. Yule uliyemlilia kaburini hadi ukazimia ndiye aliyemuua baba yako.