Kioo Ambacho Chizuru Hakukibeba

Nyumbani kwa Chizuru, mjini Kiryu, Japani, siku huanza kwa mlio wa mtambo wa kufumia hariri. Mumewe, Yasuhiro, huwa mtamboni tangu alfajiri. Mama mkwe, Bi Fumie, huketi dirishani akizungusha uzi kwenye vigurudumu vidogo vya mbao. Jikoni supu ya miso, ya soya iliyochachushwa, huchemka.

Asubuhi hizo zilikuwa tamu. Tangu mwanawe Kei azaliwe, zikageuka chungu. Asubuhi ni wakati wa maziwa, na maziwa yalimtisha Chizuru.

Kei alikuwa na macho marefu na nyusi za upinde. Lakini hakuweza kunyonya. Akivuta kidogo, maziwa yanamtokea puani. Akikohoa, midomo inageuka rangi ya zambarau. Chizuru akaona bora amlaze chali, amtilie maziwa polepole.

"Chizuru, mtoto huyo unamlisha au unamwonyesha tu chakula?" jirani alimtania kwenye ua. "Mbona hakui?"

Chizuru alicheka kwa mdomo tu. Moyoni alijua sababu. Ama alidhani anaijua.

Kwao, mjamzito akienda mazishini huchomeka kioo kidogo kwenye mkanda wa tumbo. Uso wa kioo hutazama nje, ili balaa la msibani lirudi lilikotoka. Baba yake Chizuru alifariki ghafla. Chizuru alikimbilia treni akilia, mimba ikiwa kubwa. Kioo hakukibeba. Hakumwambia mtu.

Siku moja alikuja Bi Okabe, muuguzi wa mtaa anayetembelea watoto wachanga.

"Hebu mnyonyeshe nione, mama Kei."

Chizuru akamlaza Kei chali, akamtilia maziwa. Kei akapaliwa. Midomo ikageuka zambarau.

"Mwinue! Mwinue!" Bi Okabe alimchukua, akamgeuza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni. Kei akalia. Hakuna sauti iliyowahi kumpendeza Chizuru kama kilio kile.

"Usimlishe tena amelala, mama. Maziwa yataingia mapafuni. Mwegemeze kifuani, kichwa kiwe juu. Na leo hii twende hospitali. Kaakaa lake lipimwe, na moyo, na damu."

"Damu?" Chizuru akarudi nyuma. "Damu hapana."

"Unaogopa sindano?"

"Naogopa itakachosema."

"Na ukikaa kimya, mapafu yake yatasema nini?"

Chizuru akachukua shali. Walikwenda.

Hospitalini walikuta tundu kwenye kaakaa laini la Kei. Wakampa chupa maalumu, ambayo mama huibonyeza taratibu mtoto asipoweza kuvuta. Moyo ulikuwa salama. Damu ya mtoto na ya wazazi ikapelekwa maabara.

Wiki za kungoja zilikuwa ndefu. Simu ikilia, Chizuru anashtuka. Mama mkwe akikohoa, anadhani anataka kumsema. Bi Fumie naye alikuwa hamtazami usoni. "Ameshajua," Chizuru aliwaza. "Anangoja majibu anifukuze."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza wazazi hospitalini. Kwa hofu, Chizuru hakusikia hata nusu. Basi Bi Okabe akaja nyumbani kuwaeleza tena, mbele ya wote.

"Kei ana ugonjwa wa Kabuki," alisema. "Madaktari wa hapa kwetu ndio walioutambua mwanzo. Macho ya watoto hawa yaliwakumbusha waigizaji wa tamthilia ya jadi ya kabuki waliojipaka rangi."

"Ugonjwa huo umetoka wapi?" Yasuhiro aliuliza.

Bi Okabe akaokota kigurudumu cha uzi. "Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi mrefu wenye maagizo ya kuujenga mwili. Ndiyo DNA. Nao umezungushwa kwenye vigurudumu kama hivi, vinaitwa histoni. Uzi ukikazwa sana, maagizo hayasomeki. Sasa yuko mfanyakazi, kimeng'enya kiitwacho KMT2D. Ni kikubwa. Sehemu zake nyingine hutafuta mahali pa kazi na kushikana na wenzake. Mwishoni kina kama mkono. Mkono huo hubandika alama ndogo kwenye mkia wa histoni."

"Kama mimi ninavyofunga karatasi kwenye uzi wa zamu," alisema Bi Fumie taratibu. "Mfumaji akiiona anajua: huu, sasa."

"Hivyo hivyo, bibi. Alama inasema: hapa pafunguliwe, pasomwe. Kei ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Moja imeharibika. Kwa hiyo wafanyakazi ni wachache, na alama nyingine hazibandikwi. Kaakaa halikufunga vizuri. Atachelewa kukaa na kusema, lakini atafundishika."

"Nani aliiharibu?" Chizuru aliuliza.

"Hakuna. Damu zenu hazina kosa hilo. Lilizuka lenyewe Kei alipoanza kuumbika. Siyo chakula, siyo kazi, siyo huzuni."

"Hata msiba? Hata... bila kioo?"

Bi Okabe akaweka kigurudumu chini. Mtambo ulikuwa umesimama.

"Hata bila kioo, mama."

Ndipo Bi Fumie akaangua kilio. Akatoa kioo kidogo kwenye mkono mpana wa vazi lake la kimono.

"Nilikitoa kabatini nikupe. Ukawa unalia, nami nikashika vifurushi vyako, nikasahau. Tangu siku ile nakificha, mwanangu. Nilidhani ninamuua mjukuu wangu polepole."

"Mama! Nami nilikuwa nakuogopa wewe!"

"Wajinga wawili ndani ya nyumba moja," alisema bibi, akifuta kamasi.

Walianza kusaidiana. Mmoja anamwegemeza Kei, mwingine anabonyeza chupa. Mashavu yakajaa. Upasuaji wa kaakaa ulipangwa ufanyike akishakua kidogo.

Siku ya kumwonjesha mtoto wali mwekundu, chakula chake cha kwanza kwa desturi yao, ilifika, na samaki wake mezani. Bibi akamgusisha Kei punje moja mdomoni. Kisha akamshikia kile kioo.

Kei alitazama. Akaona macho marefu yakimtazama. Akacheka, na safari hii hakupaliwa.