Kurasa Alizoziruka Obwocha

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, Mama Obwocha alikuja darasani na mikono inayonuka majani mabichi. Asubuhi alikuwa amechuma chai yake, kule karibu na Itumbe, na kuipeleka kwenye kituo cha kupimia. Kisha alikula viazi vitamu harakaharaka na kukimbilia kanisani. Darasa letu la ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima, lilikaa kanisani kwa sababu hatukuwa na chumba kingine. Mwaka ulikuwa 1974. Mimi naitwa Loice, nami ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, wote wakubwa kuliko mimi, na hawakuchoka kunikumbusha hilo.

Jina lake mwenyewe lilikuwa Bathsheba Kemuma. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tano hivi. Alisoma polepole, silabi moja moja, kidole kikiwa chini ya mstari. Hakuwa mwanafunzi hodari, na sitampamba hapa. Lakini hadi wakati huo hakuwa amekosa hata siku moja.

Alhamisi moja alikuja na kitabu kilichofungwa kwenye kitambaa. Aliwangoja wenzake waondoke, kisha akakiweka mbele yangu.

"Mwalimu, hii kitabu inanishinda," alisema. "Nimesoma mwezi mzima na sijafika mahali."

Nilikijua. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Mheshimiwa Ratemo, alichokiandika mwenyewe. Kilieleza alivyoanza kama kijana wa misheni, akawa karani, akawa diwani, mwisho akawa mbunge. Mwaka huo watu wetu wote walikizungumzia, hata wale ambao hawajawahi kufunua kitabu.

"Umefika wapi?" nilimuuliza.

Alinionyesha. Alikuwa bado kwenye dibaji, pale mwandishi anapowashukuru wachapaji na marafiki wa Nairobi.

"Neno 'shukrani' peke yake nimelisoma mara sita," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaona haya.

"Kwa nini unakitaka sana hiki, Mama Obwocha?"

Ndipo akanieleza. Obwocha, mwanawe wa kwanza, alikuwa karani mjini Kisii. Mwisho wa wiki alirudi nyumbani. Jumamosi ni Sabato, na nyumbani kwao ilisomwa Biblia tu. Lakini Jumapili mchana Obwocha aliketi mlangoni na kuwasomea kitabu cha Mheshimiwa kwa sauti. Majirani walikuja na viti vyao.

Jumapili moja alifika mahali palipoandikwa hivi: "Niliporudi Nyakoe nilikuwa na miaka ishirini. Hapo ndipo nilipomwona..."

Obwocha akanyamaza. Akakohoa. Akafunua karatasi kadhaa kwa mpigo mmoja, kisha akaendelea na habari za uchaguzi wa madiwani.

"Karatasi nne, Mwalimu," alisema Kemuma. "Nilihesabu."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Sisi Wakisii tuna chinsoni, heshima inayomtenga mzazi na mtoto wake. Kijana hatamki mambo ya mapenzi mbele ya mama yake. Mama naye haulizi. Obwocha alikuwa amelelewa vizuri, na malezi hayo hayo ndiyo yaliyomfanya aruke kurasa ambazo mama yake alizitamani kuliko zote.

"Alimwona nani huko Nyakoe?" nilisema.

"Dada yangu, Nyamusi. Sisi tulizaliwa Nyakoe. Huyo Ratemo alimpenda dada yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maneno yao. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Baba alimkataa kwa sababu hakuwa na ng'ombe. Nyamusi akaolewa upande wa Nyamira. Mwaka uliofuata alikufa akijifungua, na mtoto naye akafa."

Alikuwa akikikunja kile kitambaa na kukikunjua.

"Hatuna picha yake hata moja. Shamba alipozikwa liliuzwa. Nimeanza kusahau uso wake, Mwalimu. Sauti bado ninayo, lakini uso unaondoka. Huyo mtu alimtazama dada yangu kuliko sisi wote. Nataka kujua aliona nini."

Roho iliniuma. Nikataka kumaliza jambo lile palepale.

"Nikusomee mimi? Ni karatasi nne tu."

Alinitazama kana kwamba nimevua kitambaa changu cha kichwa kanisani. "Wewe ni wa rika la watoto wangu," alisema.

Kweli. Chinsoni ilinifunga mimi pia. Hapakuwa na mtu wa kumsomea isipokuwa macho yake mwenyewe.

"Basi tuanze," nilisema. "Nani alikuambia uanze kwenye dibaji?"

"Kitabu si huanza mwanzo?"

"Biblia unaifunguaje?"

"Mchungaji anataja Zaburi na namba yake. Tunafungua hapo."

"Na hiki ni hivyo hivyo. Namba unazijua?"

"Muulize karani wa kupima chai!" alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Alijaribu kunipunguzia kilo mbili mwaka jana. Hatajaribu tena."

Nilimfunulia ukurasa wenye neno *Yaliyomo*. Wewe unayesoma hadithi hii, utafute ukurasa huo katika kila kitabu utakachokishika. Upande mmoja pana majina ya sura. Upande wa pili pana namba za kurasa. Kemuma alishuka na kidole chake. "U-to-to. Hapana. Shu-le. Hapana. Nya... Nya-ko-e!" Alipiga dawati. "Arobaini na moja!"

Alifungua ukurasa wa arobaini na moja mwenyewe, kisha akakifunga kitabu haraka, maana nilikuwa nimeinama karibu mno.

Nilimpa mashauri mengine. Nilimwambia asome sentensi silabi kwa silabi, kisha airudie yote bila kusimama, ili maana isimponyoke. Akikutana na neno gumu, aliache kwanza, amalize sentensi, ndipo alirudie. Mara nyingi maneno mengine yatamsaidia kulijua.

"Na jambo moja zaidi," nilisema. "Mtu akiandika maisha yake, anaandika anavyokumbuka yeye. Imepita miaka thelathini na mitano. Watu husahau, na wanasiasa hutia chumvi. Ukiona jambo ambalo si kweli, usidhani ni wewe umekosea kusoma."

Zilipita wiki tatu. Wiki ya nne hakuja kabisa, siku zote mbili. Nilianza kujilaumu. Nilijiambia kwamba nimemtuma mama wa watu kuchimbua huzuni ya zamani, na sasa amelala kitandani na kidonda kipya.

Jumanne iliyofuata alikuja mapema, kabla ya wengine. Alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye aya moja, kisha akageuza uso wake dirishani.

"Soma kwa macho," alisema. "Usitoe sauti."

Nilisoma kwa macho. Mheshimiwa alikuwa ameandika hivi: "Nyakoe palikuwa na msichana mmoja. Alikuwa mpole na hakusema sana. Alipita njia ya mtoni na mtungi kichwani, mdogo wake akimfuata. Baba yake alitaka ng'ombe, nami nilikuwa na kalamu tu. Sikumwona tena. Leo watu husimama ninapoingia, lakini gari langu likipita Nyakoe, sitazami upande wa mto."

Nilipoinua kichwa, Kemuma alikuwa akilia wazi, bila kujificha.

"Mpole!" alisema. "Nyamusi mpole! Alipiga kelele mpaka ng'ombe wakaacha kula. Alimfukuza mwalimu wa misheni kwa jiwe kwa sababu alimchapa rafiki yake Nyangate. Labda alikuwa mpole mbele ya huyo Ratemo, sijui. Sikujua hilo." Alijifuta macho. "Na jina je? Nimekaa nyumbani wiki nzima nikisoma kurasa zote nane. Ameandika majina ya madiwani wote. Ameandika hata jina la fundi aliyemshonea suti. Jina la dada yangu hakuna."

"Pengine alilificha kwa heshima. Alikuwa ameolewa na mtu mwingine."

"Pengine. Lakini mimi nikifa, nani atajua ni yeye?"

Nilikuwa na penseli, nikampa.

"Pembeni pana nafasi, Mama Obwocha. Kitabu ni cha nani?"

"Obwocha ameniachia. Lakini kuandika ndani ya kitabu cha Mheshimiwa?"

"Yeye ameandika anayoyakumbuka. Wewe ulikuwapo."

Aliandika nusu saa nzima. Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakaketi, na hakuna aliyemsemesha. Herufi zake zilipanda na kushuka, na penseli ilivunjika mara moja. Aliandika: "Huyu ni Nyamusi. Hakuwa mpole. Alicheka sana. Mimi ni mdogo wake, Kemuma."

Jumapili hiyo alinialika chai. Obwocha alichukua kitabu ili asome, na kilipofunguka akayaona maandishi ya penseli pembeni. Alitambua ni mwandiko wa nani. Alitambua pia kwamba mama yake amezisoma zile kurasa. Nilishika kikombe changu na kuogopa. Lakini Obwocha alitoka na kitabu, akasimama katikati ya shamba la chai, akasoma kimya. Hapakuwa na sauti, kwa hiyo hapakuwa na aibu. Kila mmoja alikuwa amesoma kwa macho yake.

Aliporudi aliketi karibu na mama yake kuliko kawaida. Alifikiri kwanza swali ambalo mtoto anaruhusiwa kuuliza.

"Mama," alisema, "mama mkubwa alikuwa mrefu?"

Kemuma aliweka kikombe chini. Tangu Obwocha azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za Nyamusi. Alisimama, akainua mkono juu sana ya kichwa chake.

"Alifika hapa," alisema.

Aliutazama ule mkono wake. Kisha akaushusha kidogo.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa mtoto. Labda hapa."