Vipande Viwili vya Kushoto

Kila alasiri alipotoka shule, msichana wa darasa la sita ambaye nyumbani wote walimwita Kiherehere alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake. Alifagia vijinyuzi, akatia mafuta cherehani, kisha akapewa kazi ndogondogo za vifungo na pindo.

Ijumaa hiyo alikuwa na kazi yake mwenyewe. Kesho yake mchana Babu angetoka hospitali, alikolazwa mwezi mzima kwa kuvunjika mguu, na Kiherehere alitaka amvishe shati aliloshona mwenyewe. Shangazi alimpa kitambaa chenye maua upande mmoja tu, akamwambia, "Kunja kwanza, ndipo ukate."

"Sawa, shangazi," alijibu, mawazo yake yakiwa yameshafika kwenye kola.

Alikata kipande cha mbele, akakata na cha pili, bila kukunja wala kugeuza. Alipovilaza mezani, aliona kosa lake. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto, na akigeuza kimoja, maua yanaingia ndani.

"Nimeharibu kila kitu," alisema, akashika mkasi avikatekate kabisa.

"Weka mkasi chini, mama," shangazi alisema kwa upole. "Humu ndani mwenye hasira hakati kitu. Njoo ukae."

Aliuweka, akalia kwelikweli. Shangazi hakumnyamazisha wala kumcheka, ingawa mdomo ulimchezacheza. Alimpa maji, akamwambia avute pumzi taratibu. Machozi yalipopungua akauliza, "Haya, tumebakiwa na nini?"

"Mabaki ya pembeni tu."

"Yapime."

Hakuna lililotosha. Kiherehere aliyageuza huku na huku, mpaka akaona kwamba mawili yakiunganishwa kipande cha kulia kinapatikana, ila mshono utakatiza kifuani upande huo.

"Utaonekana," alilalamika.

"Utaonekana," shangazi akakubali. "Lakini Babu atavaa shati."

Alishona, akafumua mara mbili, akashona tena. Alimaliza Jumamosi asubuhi.

Babu aliingia akiegemea magongo. Alivaa shati, akapitisha kidole juu ya ule mshono, na Kiherehere akamweleza yote, hata kilio. Babu alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Mjukuu wangu, siku ya kwanza ya kujifunza kutembea niliyatupa magongo haya nikalia mbele ya wauguzi. Mmoja aliniacha nilie, kisha akaniomba hatua mbili tu. Kesho yake nikapiga nne. Mambo yakikuharibikia, lia ukitaka, tulia, halafu anza na kilichopo. Na ukipata mtu wa kukaa nawe wakati huo, mshukuru sana."

Kiherehere alimgeukia shangazi yake. "Asante kwa kunisubiri jana."

"Mimi nilikaa tu, mwanangu," shangazi akasema. "Aliyeinuka ni wewe."