Vichochoro vya Fundi Kamera

Jumamosi asubuhi mbele ya soko hakuna anayempisha mwenzake, lakini siku hiyo watu walipisha. Vanila alikuwa anapita na keki ya harusi mikononi, ghorofa mbili, nyeupe pe, huku akipaza sauti: "Njia jamani, njia! Keki haina breki!" Alivaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa sawasawa, na kitambaa cha kichwa alichokifunga mbiombio na bado kikampendeza. Wateja walimwita Vanila kwa sababu harufu hiyo ilitangulia kufika kila alikokwenda. Jina lake la kuzaliwa walikuwa wamekwisha kulisahau.

Alipofika chini ya nguzo ya taa, kijana aliyekuwa juu ya ngazi akifunga kamera aliponyokwa na bisibisi. Ikashuka wima, ikazama kwenye keki mpaka kwenye mpini.

"Wewe uliye juu!"

"Naam, dada."

"Shuka."

"Nashuka, ila usiniue."

"Nikuue nipate faida gani? Shuka uibebe!"

Akashuka, mrefu, ovaroli ya bluu, macho yakicheka kabla ya mdomo. "Pole sana, mrembo."

"Usiniite mrembo mbele ya maiti," Vanila akasema, akimwonyesha keki.

"Maharusi wakiuliza, waambie ndiyo mtindo mpya."

Alitaka kumtukana. Badala yake kicheko kikamponyoka, na mwanamke akishacheka, ugomvi umekwisha. Kijana akaibeba keki hadi ukumbini, Vanila akaziba tundu kwa mawaridi ya sukari, na kwa pembe ya jicho akamwona fundi yule akiilamba bisibisi yake. Jioni simu ikalia.

"Nani mwenzangu?"

"Muuaji wa keki."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Imeandikwa kwenye mlango wa duka lako, kubwa kuliko mlango wenyewe."

Vanila akamwita Ngazi, naye akaitika. Ikawa simu asubuhi, simu mchana, na mikate mingine ikaungua.

Tatizo lilikuwa baba. Baba yake Vanila ndiye diwani, na kamera zile ndizo zilizokuwa fahari yake. Kila nyumba ya kata ililipa tozo ya ulinzi kwa ajili ya kamera hizo. Alizizindua kwa utepe na mkasi, akatundika skrini kubwa ofisini, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Alikwisha kumwonya binti yake: "Mwanangu, sitaki wapinzani wangu wakuone barabarani na mwanamume asiyejulikana nyumbani. Na kumbuka, baba yako anaona kila kona."

"Kila kona?" Ngazi aliposikia hivyo alikohoa kidogo. "Basi niachie mimi. Kamera hizo nimezifunga mwenyewe. Najua zinapoona na zisipoona."

Kuanzia hapo mapenzi yao yakawa ya vichochoroni. Kutoka duka la keki hadi nyumbani kwa diwani ni mwendo wa kumaliza ndizi moja, lakini Ngazi alimpitisha nyuma ya kinyozi, akamzungusha karakana ya vitanda, wakainama chini ya kamba za nguo za watu.

"Inama, mpenzi, ile ya kwenye kona inazunguka."

"Sasa?"

"Bado. Nishike mkono kwanza. Hii ni hatari."

"Hatari gani ya kunishika mkono, wewe?"

"Ya kiufundi."

Vanila alifika nyumbani na vumbi kwenye viatu na moyo umejaa tele. Alimpenda. Alimwambia hivyo nyuma ya karakana, mbele ya vitanda visivyo na magodoro, naye Ngazi akatabasamu mpaka masikioni.

Kisha Jumatatu moja Vanila akafika dukani akakuta kufuli limekatwa. Mashine ya kukorogea haipo, jiko halipo, hata mizani wameondoka nayo. Shangazi yake, aliyekuwa akimsaidia dukani, akashika kichwa na kuanza kulia. Vanila hakulia. Kamera ilikuwa juu ya nguzo, hatua chache tu kutoka mlangoni, inautazama mlango uso kwa uso.

"Nyamaza, shangazi. Mwizi amejipiga picha mwenyewe."

Akampigia Ngazi.

"Mpenzi, nitolee picha za usiku."

Ngazi akakohoa. "Mfumo unasumbua kidogo."

Mchana akapiga tena. "Bado unasumbua." Kesho yake, vilevile. Vanila akamfuata karakana ya vitanda, mikono kiunoni.

"Ngazi, nitazame. Kuna msichana kwenye hizo picha? Ulipita dukani kwangu na mwingine?"

"Ningekuwa na mwingine ningekuwa nimekonda hivi?"

"Usinichekeshe! Nionyeshe picha."

Tabasamu la Ngazi likapotea. "Hazipo. Hazijawahi kuwapo. Nilichofunga ni maganda matupu ya kamera, Vanila. Waya zinashuka nguzoni na kuishia chini ya udongo. Mtambo wa kurekodi umelipiwa lakini haukuletwa. Nilimuuliza mkandarasi, akaniambia nikifungua mdomo sina kazi."

"Na skrini ya ofisini kwa baba? Si inaonyesha barabara, na yule mama mwenye ndoo ya kijani anavuka kila siku?"

"Huyo alirekodiwa mara moja tu, kwenye mtaa wa watu wengine. Picha ileile ndiyo inayorudiwa kila siku."

Vanila akakaa juu ya kitanda kisicho na godoro. Kisha likamjia lile la pili, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Basi ulikuwa unanificha nini? Mimi ninainama chini ya nguo za watu, wewe unasema hatari, na kumbe hakuna hata jicho moja!"

"Nilitaka njia iwe ndefu," akasema kwa sauti ndogo.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako umeirefusha kwa vichochoro." Akainuka. "Mtaa mzima unalala bila wasiwasi kwa kuamini maganda yako. Mimi nililala hivyo. Na kila siku ulinitazama usoni ukanyamaza."

Akaondoka, na safari hii akapita barabara kuu.

Usiku huo akamweleza baba yake. Diwani akacheka, akampigapiga begani. "Mwanangu, mtaa nauona kwa macho yangu kila siku. Wewe oka keki, siasa mwachie baba." Na kweli alikuwa akiuona mtaa, ila wa watu wengine, pamoja na yule mama wa ndoo.

Simu za Ngazi zikalia bila kupokelewa. Shangazi akachoka na mlio.

"Mpokee basi, ama uitupe kisimani."

"Amenidanganya, shangazi."

"Amekudanganya, ndiyo. Na wewe unampenda, ndiyo. Sasa mwambie unataka nini, maana mficha uchi hazai."

Akapokea.

"Vanila, nisamehe. Nitakuapia chochote unachotaka."

"Usiniapie mimi. Waambie wanaolipa. Jumapili kuna mkutano wa wakazi."

"Nikisema, kazi sina. Na baba yako hataniona tena kama mtu."

"Usiposema, mimi ndiye sitakuona." Akakata simu, maana alimaanisha, na aliogopa kwamba alimaanisha.

Jumapili ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Diwani, koti jeusi na tai nyekundu, alikuwa akisema kwamba kamera zimewatia wezi adabu, pale mkono ulipoinuka katikati ya watu.

"Mimi ni mwoka keki na mlipa tozo," Vanila akasema. "Duka langu limevunjwa mbele ya kamera. Naomba picha. Na naomba kujua nani hukaa kuzitazama, na yeye anatazamwa na nani."

Minong'ono ikapanda. Diwani akatabasamu kwa shida. "Mwanangu, hilo tutaliongea nyumbani."

"Nyumbani ninalala, mheshimiwa. Tozo ninalipa hapa."

"Liongelewe hapahapa!" watu wakapiga kelele.

"Ni hitilafu ndogo tu," akasema diwani. "Bahati nzuri fundi yupo. Fundi, wathibitishie."

Vichwa vyote vikageuka. Ngazi alisimama nyuma kabisa, shati jeupe limenyooshwa, jasho limemtoka kama amepanda nguzo zote kwa siku moja. Akamtazama Vanila. Vanila hakumsaidia hata kwa kupepesa jicho.

"Hakuna hitilafu, mheshimiwa," Ngazi akasema. "Hitilafu huwa kwa kitu kinachofanya kazi." Akaeleza yote: maganda, waya, mtambo, skrini. "Nami nilijua tangu mwanzo. Nilipokea mshahara nikanyamaza. Mnisamehe, na msiponisamehe, mna haki."

Ukumbi ukalipuka. "Mimi huchana nywele kabla ya kupita pale!" mzee mmoja akalalamika. "Na mimi nimeacha kugombana na mume wangu barabarani!" mama mmoja akadakia, na mumewe akaomba kamera zibaki hivyohivyo. Hata waliokasirika wakacheka.

Diwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Vanila hakuwahi kumwona baba yake akitafuta maneno.

"Mimi ndiye niliyepokea kazi hii kwa niaba yenu," hatimaye akasema. "Nilikata utepe. Sikufungua hata boksi moja. Na nilipoambiwa na mtoto wangu, nilicheka. Kosa ni langu."

Mkandarasi alipigiwa palepale, simu haikupatikana. Wakazi wakaamua tozo isimame, wakachagua watu wao wa kukagua kila nguzo, na hakuna kamera itakayowashwa kabla wao wenyewe hawajaridhika na nani atakaa mbele ya skrini.

Nje, jua likiwa bado kali, Ngazi alikuwa ameegemea ukuta anasoma simu. "Mkandarasi hapatikani kwenu tu," akasema. "Mimi ameniandikia. Sina kazi."

"Pole," Vanila akasema, kisha akamkumbatia kwa nguvu zake zote, wakazi wakipita kulia na kushoto. "Umenitisha. Nilidhani utasema mfumo unasumbua."

"Nilikuwa nalo ulimini kabisa."

"Kuanzia leo, nikikuuliza kitu unanijibu siku hiyohiyo. Hata chenye aibu."

"Basi tuoane, unihoji kila siku."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo. Na ukiniuliza naogopa nini sasa hivi, baba yako amesimama nyuma yako."

Vanila akageuka. Diwani alikuwa peke yake, tai mkononi, akionekana mzee kuliko asubuhi. Akamtazama kijana kuanzia viatu hadi utosini.

"Mambo haya hayazungumzwi ukutani," akasema. "Njoo nyumbani, uje na wakubwa wako."

"Nitakuja, mzee. Lakini kazi sina."

"Hata mimi sijui kama ninayo, mpaka uchaguzi upite," akasema diwani. "Njoo tu."