Bosi Alisoma Email Yangu ya Siri Mbele ya Wapakiaji

Bosi alipanda juu ya mzani wa ghala, akakunjua karatasi, akaanza kusoma kwa sauti.

"Mimi ni mtunza ghala katika kampuni hii. Nimeona kwa macho yangu mahindi yaliyotobolewa na dumuzi yakichovywa rangi na kufungwa kama mbegu..."



Yale maneno yalikuwa yangu. Niliyaandika mimi, kwa kidole changu hiki, kwenye email ya siri ambayo niliambiwa hata wenye kampuni ya hiyo email hawawezi kuisoma.

Na sasa bosi wangu, Ferdinand, alikuwa anaisoma mbele ya wapakiaji tisa. Tunduma, saa tatu asubuhi, jua linawaka.

"Endelea wewe, Gwantwa," akasema. "Si umeandika mwenyewe? Njoo umalizie."

Nikageuka kuangalia geti.

"Ulidhani kufuli la wazungu litakuficha?"

Akakunja ile karatasi, akanirushia usoni. Wapakiaji wakacheka. Watu niliowapikia chai miaka minne, walicheka.

Kabla hamjaanza kujaza komenti za "ungeenda polisi dada", tulieni kwanza. Nyie mnaosoma huku mmelala ndiyo mnajua kila kitu. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mtukane.

Naitwa Gwantwa, kwetu ni Ibaba, kule juu Ileje. Nilikuwa natunza ghala la Ferdinand. Mwezi wa kumi wakati wakulima wanatafuta mbegu, niliona kitu ambacho sikutakiwa kuona. Mahindi ya zamani, yaliyokaa miaka mitatu, yamegeuka unga kwa ndani. Yanamwagwa kwenye pipa la rangi ya waridi, yanaanikwa, yanafungwa kwenye mifuko mizuri yenye namba ya loti. Loti yenyewe iliishia na 318. Hiyo namba iwekeni akilini.

Hayo mahindi yalikuwa yanapelekwa Itaka, Ndalambo, na kwetu milimani. Mtu anapanda, anasubiri, hakioti kitu. Mvua zikipita, mwaka mzima umeondoka.

Nilitaka yazuiwe kabla ya mvua. Basi, hicho tu ndicho nilitaka.

Kulikuwa na kaka mmoja anaitwa Hezron, wa chama kimoja cha kutetea wakulima. Yeye alikuwa na njia ya kuwafikia wakaguzi. Lakini ningempigia simu vipi, na Tunduma hii kila mtu anamjua kila mtu?

Nikamwendea mchumba wangu, Rabson. Fundi simu, kibanda chake kilikuwa karibu na maegesho ya malori.

"Kuna email za kufuli," akaniambia. "Barua inafungwa humo humo kwenye simu yako. Hata wenyewe hawana ufunguo."

"Una uhakika?"

"Kufuli nina uhakika nalo. Watu ndio sina uhakika nao."

Akanifungulia. Akanipa karatasi yenye maneno kumi na mawili.

"Ukisahau neno la siri, unarudi kwa haya. Yafiche. Na usiweke namba ya simu ya kurejeshea. Mwenye namba hiyo anaingia kama wewe, hata kama barua za zamani zitabaki zimefungwa. Umenisikia? Usiweke."

"Nimekusikia."

Nilimsikia kweli. Ila nilirudi nyumbani nikaanza kuogopa. Karatasi ikilowa je? Ikiliwa na panya je? Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka namba ya simu.

Sikuweka namba yangu, mimi si mjinga kiasi hicho. Niliweka laini ya Zambia.

Na hapa Tunduma msijifanye malaika. Nani hana laini ya ng'ambo iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine? Unavuka Nakonde kwa miguu, unamtafuta ndugu mwenye kitambulisho chao cha NRC, anakusajilia, mnakunywa soda, mnarudi. Tumefanya hivyo miaka yote. Mimi nilisajiliwa na wifi yangu Brenda, mke wa kaka yangu Aliko. Yeye ni Mnamwanga wa upande wa pili.

"Laini ya nini tena, wifi?" aliniuliza siku ile.

"Ya email yangu moja ya siri."

"Awe, wifi, una mambo." Akacheka, akatoa NRC yake.

Nikamwandikia Hezron kila kitu. Picha za pipa, picha za mifuko, namba ya loti. Akajibu kwamba amezipata na wakaguzi watakuja Ijumaa.

Jumatano ile laini ya Zambia ikazima. Haina mtandao kabisa. Sikujali, maana mnara wa wenzetu unakuja na kuondoka unavyotaka hapa mpakani.

Alhamisi mchana email ikagoma kufunguka. Eti neno la siri si sahihi. Nikadhani vidole vyangu.

Ijumaa asubuhi, kabla wakaguzi hawajafika, Ferdinand akapanda kwenye mzani.

Wakaguzi walikuja kweli saa nane. Wakakuta ghala limefagiliwa. Malori mawili yalishaondoka na mzigo. Ferdinand akawapa maji ya baridi, wakaandika ripoti nzuri, wakaondoka. Mimi nilikuwa nje ya geti na mfuko wangu wa nguo za kazi.

Niliwachukia watu wote siku ile.

Kwanza niliichukia ile kampuni ya email. Nikasema wametuuza, wanakaa kwao huko kwenye baridi wanatudanganya sisi weusi na kufuli lao. Halafu nikajiuliza... wao watamjulia wapi Ferdinand wa Tunduma? Ukimtoa Hezron aliyeniletea wakaguzi, watu wawili tu duniani walijua ile email ipo. Mimi na Rabson. Laini ya Zambia sikuikumbuka hata kidogo.

Nikaenda mpaka kibandani kwake.

"Umenichoma kwa shilingi ngapi?"

"Gwantwa, umesema nini?"

"Ferdinand amesoma email yangu. Neno kwa neno. Wewe ndiye uliyeifungua."

Akaweka chini bisibisi.

"Uliweka namba ya simu?"

"Usinigeuzie kibao."

"Nakuuliza tu. Uliweka namba?"

"Wewe ni nyoka, Rabson. Mama yako alizaa nyoka."

Wateja wake walikuwa wamesimama pale, watatu. Nikawageukia.

"Huyu mkimwachia simu zenu anasoma humo ndani. Mimi ameniuza kwa bosi wangu."

Sikuishia hapo. Nilimweka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Tunduma, picha yake na jina lake. Mlifowadi wenyewe. Baadhi yenu mko humu humu mnasoma. Wiki mbili tu, hakuna mtu aliyempelekea simu tena. Akafunga kibanda akahamia Mlowo.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili nikapanda Ibaba kumsalimia mama. Sikuwa na kazi wala mchumba, nilitaka kukaa tu karibu na moto wake.

Nilimkuta amesimama shambani. Shamba limelimwa vizuri, mistari imenyooka. Ila lilikuwa tupu. Mche mmoja hapa, mwingine kule mbali.

"Mama, umechelewa kupanda?"

"Nilipanda na wenzangu, mwanangu. Yao yamefika magotini."



"Mama, si nilikupigia? Si nilikuambia usinunue mbegu ya bosi wangu?"

"Sikununua," akasema. "Nilipewa."

Akaingia ndani akatoka na mfuko. Alikuwa ameufua, anawekea chumvi. Nikausoma pembeni, pale kwenye namba ya loti.

318.

Nilikaa chini kwenye udongo.

"Nani amekupa hii?"

"Wifi yako. Alileta miwili, na sukari. Siku hizi ni wakala wa mbegu kule kwao Nakonde, hamjaambiana?"

Hatukuwa tumeambiana.

Kesho yake nilishuka Tunduma, sikupita hata nyumbani. Nikavuka moja kwa moja mpaka kwenye kibanda cha laini Nakonde, pale pale tuliposajilia. Nikampa kijana wa pale ile laini iliyokufa.

"Nataka kujua hii ilizimika lini."

Akaangalia kwenye mashine yake.

"Haikuzimika, mama. Ilihamishiwa kwenye kadi mpya. Jumatano moja mwezi uliopita."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Alikuja na NRC yake. Bila NRC hatumpi mtu."

Mwenyewe. Maana kisheria laini ilikuwa yake siku zote. Mimi nilikuwa nimeiazima tu.

Nikatoka pale nikampigia Rabson. Alipokea mara ya nne.

"Una shida gani?"

"Niliweka namba ya simu."



"Najua," akasema. "Nilijua siku ile ile."

"Lakini Rabson, uliniambia mtu akiingia kwa namba ya simu, barua za zamani zinabaki zimefungwa. Amesomaje?"

"Ile karatasi aliyokurushia unayo?"

Ninayo. Niliitunza kwa hasira.

"Isome juu kabisa. Si barua yako, soma ile ya juu."

Nikaikunjua. Wiki zote zile sikuwahi kusoma juu. Iliandikwa hivi: Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Pole dada kwa kupoteza simu. Nyaraka zako zote ulizoomba hizi hapa chini pamoja na picha. Hezron.

Mimi sikupoteza simu, wala sikuomba kitu.

Brenda aliingia kwa ile namba, akakuta barua zote za nyuma zimefungwa, hazisomeki, ila anwani ya Hezron inaonekana. Basi akamwandikia Hezron kama mimi. Naomba unirudishie zile, nimepoteza. Na Hezron kwa upole wake akarudisha zote.

"Kufuli lilifanya kazi, Gwantwa," Rabson akasema. "Mimi pia nilifanya kazi yangu."

"Nisamehe."

"Umenifungia kibanda. Nina mgonjwa nyumbani, na nimeanza upya kama mtoto. Usinipigie tena."

Akakata. Sina la kumlaumu.

Nikamkuta Brenda nyumbani kwake anasuka nywele. Kaka Aliko alikuwa kazini.

"Karibu wifi, umepotea..."

"Ulimpa Ferdinand barua yangu."

Kitana kikamwanguka. Alijaribu kukataa dakika moja, nikamwekea ile karatasi mapajani, nikamtajia Jumatano na kibanda. Akaanza kulia.

"Alikuwa anamtafuta mtu anayemchongea. Alisema anataka tu kujua ni nani. Mimi nilikuwa namwomba uwakala mwaka mzima, wifi. Mwaka mzima ananizungusha. Nikamwambia wewe una email, na namba yake ina jina langu."

"Akakupa uwakala."

"Akanipa. Mifuko hamsini ya kuanzia."

"Loti gani?"

"Sijui mambo ya loti mimi."

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Hakuwa anadanganya. Hakujua kweli.

"Brenda. Hii barua uliisoma?"

Akaiangalia ile karatasi mapajani mwake.

"Uliisoma kabla hujampa?"

"Nilimfowadia tu."

"Kwa nini hukuisoma?"

Akajifuta machozi na kanga.

"Ilikuwa ndefu."

Ilikuwa ndefu. Nimepoteza kazi, nimemharibia mtu wa watu maisha, mama yangu mwenye miaka sitini na nne hatavuna hata debe, kwa sababu ilikuwa ndefu. Aya ya pili tu imeandikwa: loti inayoishia na 318 imeoza, asiipande mtu yeyote. Mwizi aliiba barua iliyokuwa inamwonya yeye mwenyewe, akalipwa kwa sumu ile ile, akaenda kumzawadia mama mkwe wake. Na baba yake mzazi kule Nakonde naye amepanda. Ameshapigiwa simu, shamba ni kipara.

Mtaniuliza, je, hizi email za kufuli ni za kuaminika? Nawajibu, na hasira zangu bado ninazo. Ile yangu ilikataa kumfungulia mwizi hata barua moja. Lakini haikuweza kunizuia mimi nisimpe wifi yangu mlango wa nyuma, wala haikuweza kumzuia Hezron asirudishe barua kwa mtu asiyemwona. Kabla hujauliza kampuni inaficha nini, angalia namba uliyoweka ina jina la nani.

Brenda ameniangukia. Ameniomba nisimwambie mama, nisimwambie Aliko, yaishe kati yetu wanawake. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria wiki nzima.

Kaka Aliko, najua unaingia humu kila jioni ukitoka kazini. Wateja wa zamani wa Rabson, fundi simu aliyehamia Mlowo, mpelekeeni simu zenu, yule kijana ni msafi, mimi ndiye niliyemchafua. Na yeyote mwenye mfuko wa 318 ndani, asiupande, msimu ujao wala siku yoyote. Picha zote nimeweka hapa chini, za pipa na za mifuko.

Safari hii sikuweka kufuli lolote.

Na wewe wifi, najua ni ndefu. Lakini hii usimfowadie mtu kabla hujaisoma.